Iko Wapi? Maneno kwa Vijana Wanaotaka Kuendesha Duka

Hotuba kwa vijana waliomaliza mafunzo ya biashara, Kigoma mjini

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu, wazazi wetu mliotoka Ujiji, Mwandiga na Kasulu, na ninyi ambao nimeambiwa mmeondoka Kakonko usiku ili muwahi: shikamooni. Vijana, hamjambo? Poleni na mitihani, na hongereni kwa kumaliza.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi yangu. Mimi ni meneja wa duka. Nikisema hivyo harusini, swali linalofuata huwa lilelile: "Duka ni lako?" Nikijibu kuwa ni la mwajiri wangu, mtu anaitikia "Aa, sawa," na mazungumzo yanahamia kwingine. Meneja wa tawi la benki haulizwi kama benki ni yake. Mkuu wa shule haulizwi kama shule ni yake. Lakini dukani tumezoea watu wa aina mbili, tajiri mwenye mali na kijana wake. Na kijana wa duka tunamhesabu kuwa mtu wa kupita, anasubiri mtaji, au ajira ya serikali, au ndoa. Wazazi wangu, mkiulizwa mtoto anafanya nini siku hizi, mnasema, "Bado, kwa sasa yupo tu dukani." Mimi nipo dukani tangu mwaka 2005, na sikuwa napita.

Nilianza kwa kufunga sukari. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuniruhusu kuendelea, na shangazi akanipeleka kwenye duka moja la jumla na rejareja huko Mwanga, hapahapa Kigoma mjini. Wa umri wangu mnaikumbuka kazi ile. Unatandika turubai safi, unafungua mfuko wa kilo 50, unachota, unapima kwenye mzani wa mshale, unafunga fundo. Kilo, nusu, robo. Ikifika mchana vidole vimenata na nyuki wamekuzoea.

Siku ya tatu mzee wa stoo alikuja kuhesabu pakiti zangu. Mzee huyo alikuwa amefanya kazi RTC, ile kampuni ya biashara ya mkoa, enzi ambazo mtu alipanga foleni kwa mche mmoja wa sabuni. Siku hiyo nilikuwa nafunga za kilo tu. Akahesabu mara mbili, akanitazama, akauliza: "Mfuko umeingia na kilo 50. Hapa naona pakiti 48. Sukari nyingine iko wapi?"

Nikaanza kulia. Niliona ananiita mwizi mbele ya watu. Hakunikemea na hakunibembeleza. Aliondoa bakuli la mzani, akalipangusa, akalirudisha likiwa tupu, akaniambia niiname nitazame mshale kwa usawa wa macho. Mshale haukufika kwenye sifuri. Ulisimama nyuma yake, karibu upana wa ukucha. Akaweka jiwe la chuma la kilo moja. Mshale ukaishia kabla ya alama ya kilo. Kila pakiti niliyoifunga ilikuwa imebeba gramu 40 zaidi, kama vijiko vitatu vya chakula. Pakiti 48 mara gramu 40 ni gramu 1,920. Gramu 80 zilizobaki alinionyesha kwa kidole: zilikuwa kwenye turubai, kwenye mikunjo ya mfuko na kwenye mikono yangu.

Tulikuwa tunafunga mifuko minne kwa siku. Kwa hiyo kilo 8 za sukari zilitoka mlangoni kila siku na hakuna mtu aliyeiba hata punje. Faida ya sukari ni nyembamba, wenye maduka mlio hapa mnajua. Kilo mbili kwenye kila mfuko zilikuwa zinakaribia kuimeza yote. Na tajiri alikuwa ameshafukuza vijana wawili kabla yangu kwa sukari hiyohiyo.

Hao wawili nawafikiria mpaka leo. Waliondoka na jina la wizi, na katika mji huu jina la namna hiyo linakutangulia kila mlango unaobisha. Kosa lilikuwa la mshale. Hakuna mtu aliyekuwa ameinama kuutazama.

Mzani ungeweza pia kukosea upande wa pili. Mteja angepunjwa vijiko vitatu kwenye kila kilo, na dukani hakuna ambaye angelalamika. Wakala wa Vipimo wana kazi yao ya kuhakiki mizani, waheshimiwe, lakini mshale unaweza kuhama siku yoyote. Kila Jumatatu kabla ya kufungua mlango naweka jiwe la kilo kwenye mizani zetu zote, moja baada ya nyingine. Wafanyakazi wapya wanashangaa. Wakikaa mwezi mmoja wanakuwa wanaweka wenyewe.

Swali la mzee yule ndilo kazi yenyewe. Meneja wa duka ni mtu anayeweza kujibu "iko wapi?" juu ya kila kilichoingia: katoni, shilingi, saa za mfanyakazi, hata mama aliyekuwa anakuja kila Jumamosi na sasa wiki ya tatu haonekani. Mengine yote mliyofundishwa darasani yanasimama juu ya swali hilo. Chukueni chupa ya mafuta ya kula mliyonunua kwa shilingi 5,000 mnayoiuza kwa 5,500. Ikivunjika moja, au ikiisha muda wake nyuma ya rafu, lazima uuze chupa 10 ndipo urudi pale ulipokuwa. Siyo upate faida, urudi tu. Mtu anayeielewa hesabu hiyo mpaka mifupani hapangi chupa mpya mbele ya za zamani. Anazivuta za zamani mbele kila asubuhi bila kuambiwa.

Nieleze kwa nini nasema kazi hii inakua, maana msije mkadhani nawapamba. Duka tulilokulia lina kaunta na nyavu. Mteja anaita, muuzaji anatoa, na mwenye mali akikaa kwenye kiti chake anaona kila mkono. Mwaka 1916, katika mji wa Memphis huko Marekani, Clarence Saunders alifungua Piggly Wiggly, duka ambalo mteja alipita mwenyewe katikati ya rafu na kikapu chake, akalipa wakati wa kutoka. Jambo lile limesafiri miaka mingi, na sasa mnaliona hata hapa mjini kwetu. Siku mwenye mali anapobomoa kaunta, macho yake mawili hayatoshi tena. Anahitaji bei zilizobandikwa, keshia, mashine ya risiti, hesabu ya mali kila wiki, na mtu wa kuvishika vyote pamoja. Akifungua tawi la pili Kasulu au Kibondo ndiyo kabisa, hawezi kulala sehemu mbili. Hapo ndipo ajira yetu inapozaliwa. Mkoa huu kwa Sensa ya 2022 una watu zaidi ya milioni 2.4, na wote hao wanakula, wanaoga na wanafua.

Sasa mtu anafikaje? Mimi ilinichukua miaka 11. Nilifunga sukari, nikawa keshia, nikahamia duka jingine, nikapewa kupokea mzigo, nikawa msaidizi, na mwaka 2016 nikakabidhiwa duka. Katika yote hayo nilikuwa na daftari langu mwenyewe, la kurasa 96, ambalo hakuna aliyenituma kuwa nalo. Mzee wa stoo alikuwa na methali yake: mali bila daftari hupotea bila habari. Niliandika mzigo gani umeingia lini na umeisha lini. Niliandika msambazaji gani analeta pungufu. Niliandika wateja waliulizia nini tukawa hatuna, na hiyo ndiyo orodha iliyonipandisha cheo. Siku moja bosi aliuliza tuongeze nini dukani, kila mtu akatoa anachopenda. Mimi nilifungua daftari nikasema: mwezi huu watu 31 wameulizia pampasi za watoto za namba kubwa, tunazo ndogo tu. Baada ya hapo nilianza kuitwa ofisini.

Nisimulie na kosa langu, maana nalo limenifundisha kuliko sifa.

Nilipokabidhiwa duka mwaka 2016 tulifanya makabidhiano siku nzima. Karatasi 11 za orodha. Ilipofika jioni tulikuwa stoo, joto kali, katoni za sabuni zimepangwa mpaka karibu na dari. Nikahesabu za mbele, nikahesabu kwenda juu, nikahesabu safu za kwenda ndani, nikazidisha. Jibu likalingana na orodha. Nikasaini.

Wiki tatu baadaye kijana wa stoo alikuwa anashusha katoni kutoka safu ya nne. Alikaza mikono kama kawaida, ameshazoea uzito wake, na katoni ikaruka nayo mpaka kifuani. Ilikuwa tupu. Imefungwa vizuri kwa gundi juu na chini, kama imetoka kiwandani. Tukashusha zote. Katoni 23 zilikuwa maboksi matupu, na sahihi iliyosema zimejaa ilikuwa yangu.

Nilikaa juu ya mfuko wa mchele kama dakika kumi. Nilikuwa na watoto wawili, na mshahara wa umeneja nilikuwa nimeupokea mara moja tu. Mawazo yalinijia ya kila namna, mengine siwezi kuyasema mbele ya wazee. Kisha nikampigia simu bosi kabla mtu mwingine hajampigia. Nikamwambia zilizopungua ni ngapi, thamani yake ni kiasi gani, na kwamba nilipokea kwa kuzidisha badala ya kufungua. Aligomba, na alikuwa na haki ya kugomba. Tukaandikiana nilipe sehemu kwa miezi 8, kidogokidogo. Na duka akaniachia. Aliniambia baadaye kwamba katika miaka yake yote ya biashara nilikuwa mtu wa kwanza kumpa habari mbaya ikiwa na hesabu yake kamili.

Tangu siku ile sipokei mzigo kwa kuzidisha. Napokea kwa mkono. Kila katoni inaguswa, inatikiswa, na moja katika kila safu inafunguliwa. Dereva wa lori analalamika kwamba namchelewesha. Namletea chai, anasubiri.

Nimewagusia kulipa, basi niseme jambo la sheria, kwa sababu vijana wengi wa madukani wanaumia hapa kwa kutojua. Nilipokuwa keshia nilipata shoti, yaani pesa ya droo ilipungua, shilingi 60,000. Mshahara wangu ulikuwa 90,000. Mwisho wa mwezi nikapewa 30,000 mkononi, bila karatasi, bila maelezo, nikaambiwa nishukuru sijafukuzwa. Duka silitaji. Sikujua kwamba tangu mwaka 2004 tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na kwamba mwajiri hakati hasara kwenye mshahara kwa kujiamulia. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, uelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, upewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 90,000 ni 22,500. Mimi nilikatwa 60,000 kwa mkupuo na nikarudi nyumbani kwa mguu.

Nawaambia haya kwa sababu kesho ninyi ndio mtakuwa upande wa pili wa meza. Keshia wako akipata shoti, meneja unayestahili jina hilo unakaa naye, mnahesabu pamoja, mbele ya macho yake. Mara nyingi shoti ina mlango wake. Kwangu droo moja ina keshia mmoja kwa zamu. Hakuna kusaidiana kwa kuingiza mkono. Pesa taslimu na pesa ya lipa namba zinafungwa mbali mbali. Na kuna mlango mmoja ambao umetula sana: mteja ananyanyua simu yake, anaonyesha meseji kwamba ameshalipa, foleni ni ndefu, keshia anamruhusu. Meseji ile ni ya kughushi. Sheria yetu dukani ni kwamba keshia anatazama simu ya duka, hatazami ya mteja, hata mteja awe nani. Tulipoiweka, shoti za Jumamosi zilikatika, na yule binti ambaye wenzake walishaanza kumnong'ona akarudi kunyanyua uso.

Na hao watu wako wana saa zao. Sheria inasema saa 45 kwa wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mama akijifungua ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na akijifungua pacha ni siku 100. Meneja anayepanga zamu bila kuyajua haya anampeleka tajiri wake kwenye kesi, na zaidi ya hapo anawachosha watu ambao ndio macho yake. Mtu aliyesimama kaunta tangu saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku haoni tarehe ya kuisha muda.

Sasa nije kwetu, maana kuendesha duka Kigoma kuna elimu yake ambayo huwezi kuisoma chuoni Dar es Salaam.

Dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa nene, samaki wanaifuata taa ya mvuvi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa ile haina nguvu, na mitumbwi mingi inapumzika. Kwa hiyo pesa ya mialo ya Kibirizi na Katonga inajaa na kupwa kwa kufuata mwezi wa angani. Wafanyakazi wa serikali wana mwisho wa mwezi wao. Wavuvi, wabebaji, mama wanaoanika dagaa, vijana wa bodaboda wanaowabeba, wote hao wana mwezi wao mwingine. Nilipofika kwenye duka ninaloliendesha sasa nilikuta oda ya kila wiki ni ileile, mwaka mzima, halafu watu wanashangaa kwa nini wiki moja rafu ni tupu na wiki nyingine mkate unaota ukungu. Nikabandika kalenda kwenye mlango wa stoo. Nikachora mduara mweusi kwenye siku za giza na mweupe kwenye mbalamwezi. Wiki ya giza nataka mafuta, sukari, sabuni na betri zijae. Wiki ya mbalamwezi natoa mbele vifungashio vidogo, vya bei ambayo mtu anaweza kuimudu kwa siku hiyo.

Hilo sikulisoma popote. Niliambiwa na mama mmoja wa Kibirizi niliyemuuliza kwa nini ananunua lita leo na robo wiki ijayo. Alinicheka, akanyanyua kidole juu angani.

Mwaka 2024 tukapata mtihani mkubwa zaidi. Shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu. Tangazo lilikuja mapema, na meneja ambaye hasikilizi redio alishituka siku ya kwanza ya Juni. Mimi Aprili nilikwenda Kibirizi nikaketi na wale mama kwenye vichanja vyao nikawauliza watafanya nini. Wengine walisema watarudi Kasulu na Buhigwe kwa ndugu, kulima. Wengine walisema watageukia mawese na maharage. Nikapunguza oda ya vitu vya wavuvi, nikaongeza madumu matupu na magunia, nikaongea na wasambazaji wawili wakakubali kuniletea kidogo mara nyingi badala ya kingi mara moja. Mauzo yalishuka, siwadanganyi, kila mtu alishuka. Ila hatukubaki na mali iliyolala, na ilipofika wiki ya kwanza ya Agosti nilikuwa nimeshaagiza. Wavuvi waliporudi majini walikuta taa na kamba vipo.

Mnakumbuka mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019? Habari ilitangulia kwa wiki kadhaa. Kuna maduka yalibaki na marobota ya mifuko ambayo hayakuweza hata kuyagawa bure. Sikiliza habari, kijana. Tangazo la serikali linaweza kuwa mali iliyolala kwenye stoo yako.

Na msidhani ukubwa wa jina unalinda duka. Uchumi, kampuni ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Nakumatt ilichukua maduka ya Shoprite hapa nchini mwaka 2014, na miaka michache tu baadaye nayo ikawa imefunga. Madeni ya wasambazaji yalikuwa sehemu kubwa ya maangamizi yao. Msambazaji asiyelipwa haleti, rafu zinaanza kuwa na mianya, mteja anaona mianya, anahamia kwingine. Ndiyo maana hata kama malipo yanafanywa na bosi, mimi najua kila msambazaji anadai nini na tangu lini. Nikiona rafu ina mwanya siupangi kwa ujanja kwa kusogeza vitu. Nauliza.

Kuhusu shule, nitasema kwa kifupi kwa sababu walimu wenu wapo na wanajua kuliko mimi. Doug McMillon alianza Walmart, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, mwaka 1984 akiwa kijana wa kushusha mizigo kwenye ghala, na mwaka 2014 akawa mkurugenzi mkuu wa kampuni hiyo nzima. Watu wanapenda kusimulia habari za mizigo wakaacha kwamba katikati alikwenda chuo akasoma biashara, shahada ya kwanza na ya pili. Msiache lolote kati ya hayo mawili. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kipo tangu mwaka 1965 na kinapokea watu wa ngazi za cheti. Anayependa zaidi upande wa stoo na manunuzi aitazame mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Mimi nilisoma cheti changu nikiwa na mimba ya mtoto wa pili, naandika kazi za chuo juu ya katoni baada ya kufunga duka.

Mkipata kazi, ombeni mkataba wa maandishi. Ulizeni kama michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapelekwa, na mwende wenyewe kuhakikisha. Michango ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hupaswi kukatwa zaidi ya 10. Mkiulizwa mnataka mshahara gani, jibuni mkiwa na namba. Nilipoomba nyongeza mara ya kwanza nilisema maisha ni magumu, sikupewa. Mara ya pili nilibeba daftari, nikaonyesha hasara ya kuharibika ilikuwa kiasi gani nilipoingia na ni kiasi gani sasa. Tulimaliza kabla chai haijapoa.

Mabinti, nina neno nanyi peke yenu. Mtaambiwa keshia ndiyo nafasi ya msichana, na stoo ni ya wanaume kwa sababu ya mizigo. Nendeni stoo. Nimebeba katoni, nimepanda ngazi, nimegombana na madereva. Mtu asiyejua stoo hawezi kuwa meneja, anaweza tu kuwa keshia wa muda mrefu. Wazazi, msimzuie binti anayerudi na vumbi la ngano kwenye nywele.

Mzee wangu wa stoo alishatangulia mbele ya haki. Jiwe lake la kilo alinipa mwenyewe siku alipostaafu, amelifunga kwenye karatasi ya sukari ya kaki. Ndilo hilo ninaloliweka kwenye mizani kila Jumatatu.

Na hili ndilo lililonileta hasa. Mwajiri wangu amekubali nichukue vijana wawili kwa miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo, kwa posho, nauli na chakula cha mchana. Sitawafanyia usaili wa kukaa kwenye kiti. Jumatatu saa 12 asubuhi napokea lori la sabuni na sukari. Atakayetaka aje mlango wa nyuma, upande wa stoo, walimu watawaelekeza. Vaeni viatu vya kufunika vidole, mje na daftari na kalamu mbili. Mtanikuta mezani na mzani, nimeinama natazama mshale. Asanteni sana kwa kunisikiliza.